Aloimunaizesheni: kinga dhidi ya damu ngeni

Mgonjwa wa selimundu anaongezewa damu, anapata nafuu, anaruhusiwa. Baada ya wiki moja hivi anarudishwa hospitali akiwa na homa, maumivu ya mgongo, macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ndugu husema, "Damu imemkataa." Chanzo chake mara nyingi ni kile wataalamu wanachokiita aloimunaizesheni, istilahi iliyojengwa juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya "mwingine". Kwa Kiswahili napendekeza tuseme kinga dhidi ya damu ngeni.

Nasema "ngeni" kwa makusudi, maana damu yenyewe haina kasoro. Chembe nyekundu hubeba alama ziitwazo antijeni, na zinazojulikana ni zaidi ya 300. Maabara nyingi za kwetu hulinganisha makundi ya ABO na Rh D tu. Asiye na alama ya E au K akiongezewa damu iliyo nayo, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili za kuipinga, na kila chupa mpya huongeza uwezekano huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 ulikuta karibu asilimia 30 ya wagonjwa weusi wa selimundu walioongezewa damu wana kingamwili hizo, sababu mojawapo ikiwa kwamba wachangiaji wengi walikuwa Wazungu, wenye mpangilio tofauti wa alama.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kingamwili hizi hufifia. Baada ya miezi kadhaa kipimo hakizioni tena, na damu inaonekana kupatana vizuri kabisa. Lakini kinga haijasahau. Alama ileile ikiingia tena, kingamwili hufumuka upya na kuvunja chembe zilizoongezwa, pengine hata za mgonjwa mwenyewe, hadi damu inapungua kuliko ilivyokuwa kabla ya kuongezewa. Anayedhani ni maumivu ya kawaida ya selimundu huagiza chupa nyingine, na hali huzidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akikutwa na kingamwili, omba majina ya kingamwili hizo yaandikwe kwenye kadi yake, na uioneshe kadi hiyo kila hospitali kabla damu haijatundikwa.