Ripoti ya tovuti inapopingana na ghala la data: Mfanyabiashara aanzie wapi?

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza dukani na mtandaoni kwa wakati mmoja, tatizo mara nyingi si kukosa daftari. Tatizo ni kuwa na madaftari mawili yasiyokubaliana.

Daftari la kwanza ni ripoti ya Google Analytics, inayoonyesha ni watu wangapi wameingia katika tovuti ya duka na wangapi wamenunua. La pili ni BigQuery, ghala la data ambako kumbukumbu zile zile huhamishiwa moja moja ili zichambuliwe kwa kina. Chukua mfano wa muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Ripoti inamwambia jana alipata wanunuzi 40, ilhali ghala linasema 46.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Kwa takwimu hizo huamuliwa mzigo upi uagizwe kutoka China, fedha kiasi gani zitumike katika matangazo, na pengine hata kijana aliyetengeneza tovuti abaki au aondoke. Kumbe katika hali nyingi hakuna aliyekosea. Madaftari hayo mawili huhesabu kwa kanuni tofauti, na tofauti hiyo hueleweka ikikaguliwa kwa utaratibu.

Chanzo ni kimoja

Google ilianzisha huduma ya Analytics mwaka 2005, baada ya kuinunua kampuni ya Urchin. Toleo la sasa, Google Analytics 4, lilitangazwa Oktoba 2020, na toleo lililotangulia liliacha kupokea data za wateja wa kawaida Julai 1, 2023. Zamani kuhamishia data BigQuery kulikuwa haki ya wateja wa huduma ya kulipia peke yao. Toleo jipya liliifungua njia hiyo kwa wote, na ndiyo maana hata duka dogo linaweza kujikuta na hesabu mbili.

Kila mteja anapofungua ukurasa, kubofya picha au kulipia bidhaa, tovuti hutuma taarifa iitwayo tukio. Matukio hayo ndiyo chimbuko la hesabu zote mbili. Ghala huhifadhi matukio yenyewe, mfano wa risiti zilizowekwa ndani ya boksi. Ripoti ni hesabu iliyokwisha kufungwa kutokana na risiti hizo. Hivyo anayekagua hana budi kujua kwanza hesabu ilifungwaje.

Saa na tarehe

Jambo la kwanza kukaguliwa ni saa. Ripoti hufuata majira yaliyochaguliwa wakati akaunti inafunguliwa, lakini ghalani muda wa kila tukio huandikwa kwa saa za dunia za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Dar es Salaam kwa saa tatu.

Maana yake ni kwamba mauzo yaliyofanyika kati ya saa 6:00 usiku na saa 9:00 usiku kwa saa za hapa huangukia siku iliyotangulia, iwapo mchambuzi atakata siku kwa kufuata muda wa tukio bila kuubadili kwanza. Kariakoo, ambako mpango wa biashara ya saa 24 ulizinduliwa mwaka 2025, saa hizo tatu si za kupuuzwa. Dawa ni kutumia safu ya tarehe ya tukio, ambayo hufuata majira ya akaunti, au kuubadili muda kuwa wa Africa/Dar_es_Salaam kabla ya kujumlisha.

Akaunti yenyewe nayo ikaguliwe. Ikiwa iliachwa katika majira ya Los Angeles, siku yake mpya huanza saa 4:00 au saa 5:00 asubuhi ya Dar es Salaam, kutegemea msimu. Duka linakuwa limekwisha kufunguliwa, lakini mauzo ya asubuhi hiyo bado yanaandikwa kuwa ya jana.

Data iliyochelewa au kukosekana

Jambo la pili ni kuhakikisha data zote zimefika. Jedwali la siku moja ghalani linaweza kuendelea kurekebishwa kwa muda wa hadi saa 72, kwa kuwa yapo matukio yanayochelewa. Mteja ambaye bando lake limekwisha akiwa ndani ya programu ya duka katika simu, matukio yake husubiri hadi atakaporejea hewani. Kwa hiyo kulinganisha hesabu ya leo au ya jana ni kujitafutia ugomvi. Ilinganishwe siku iliyopita kwa siku nne au zaidi.

Aidha, jedwali la muda linalojazwa kadiri siku inavyokwenda, ambalo jina lake lina neno intraday, lisitumike kufungia hesabu.

Ipo pia mipaka. Akaunti ya kawaida huruhusiwa kuhamisha matukio milioni 1 kwa siku kwa njia ya kila siku, na anayevuka kiwango hicho mara kwa mara anaweza kusimamishiwa uhamishaji. Uhamishaji huanza siku akaunti mbili zinapounganishwa, na data za nyuma haziletwi. Kwa anayetumia BigQuery ya majaribio bila kuweka njia ya malipo, majedwali hufutika baada ya siku 60. Wengi hudhani wameibiwa data, kumbe muda wake ndio uliokwisha.

Watu na ziara

Jambo la tatu ni tafsiri ya maneno. Ripoti inapotaja watumiaji, kwa kawaida humaanisha watumiaji hai, yaani waliofungua tovuti kwa mara ya kwanza au waliokaa na kushughulika nayo. Mchambuzi akihesabu ghalani kila kitambulisho kilichopo, atapata idadi kubwa zaidi.

Hali kadhalika ziara. Namba ya ziara ghalani hutokana na sekunde ambayo ziara ilianza. Wateja wawili walioingia katika sekunde moja, mmoja akiwa Ilala na mwingine Lubumbashi, hupewa namba moja. Anayehesabu namba hizo peke yake atapunguza ziara. Njia sahihi ni kuunganisha ga_session_id na user_pseudo_id ndipo ahesabu.

Hata baada ya hapo, hesabu haitalingana kwa usahihi kamili. Ripoti haimhesabu mtu mmoja mmoja, bali hutumia njia ya kukadiria iitwayo HyperLogLog++ ili majibu yapatikane haraka. Tofauti ndogo ya asilimia chache katika watumiaji na ziara ni ya kawaida, wala haihitaji fundi.

Ripoti inapoficha au kukisia

Jambo la nne ni yale yanayofanywa na ripoti bila mtumiaji kuyaona. Ripoti inaweza kuzuia mistari yenye watu wachache ili mtu asitambulike. Orodha inapokuwa ndefu mno, inaweza kukusanya mistari midogo chini ya jina moja la “other”. Mteja anapokataa vidakuzi, na tovuti imewekewa utaratibu wa kuheshimu uamuzi huo, ripoti inaweza kujaza pengo kwa makisio. Ghala halina makisio hayo. Kwa wateja hao hubaki matukio yasiyo na kitambulisho.

Uamuzi huo wa mteja si wa kuuzunguka ili hesabu zipatane. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Mauzo na fedha

Jambo la tano ndilo linalogusa mfuko. Mteja aliyekwisha kulipa akiufungua upya ukurasa wa shukrani, tukio la ununuzi linaweza kutumwa mara mbili. Ripoti hulitambua kwa namba ya muamala na kulihesabu mara moja, lakini ghalani yanaweza kubaki yote mawili. Hapo ndipo 40 huwa 46. Mchambuzi ahesabu namba za muamala zisizojirudia, si matukio. Na fundi asiruhusu namba hiyo kutumwa ikiwa tupu, kwani miamala isiyo na namba inaweza kuhesabiwa kama mmoja.

Safu za fedha nazo zitazamwe kwa makini. Ghalani ipo safu ya mapato kwa sarafu iliyotumika na nyingine kwa dola za Marekani. Kuchukua safu ya dola na kuilinganisha na ripoti ya shilingi ni kosa linalotokea kwa wepisi.

Lipi liaminiwe?

Swali hilo hujibiwa kwa kutazama kazi inayofanywa. Kwa kuona mwelekeo, kama vile tangazo lipi linaleta watu au siku gani kuna pilikapilika, ripoti inatosha. Kwa uchambuzi wa kina, ghala ni bora zaidi.

Kwa fedha, hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalotosha. Mteja anayelipa kwa simu na asirejee kwenye ukurasa wa shukrani hataonekana katika ripoti wala ghalani, ingawa fedha yake imeingia. Daftari la fedha ni oda zilizothibitishwa, taarifa za malipo na risiti za mashine za EFD, ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2010.

Kariakoo inafahamu uzito wa jambo hilo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka yao, na usajili wa stoo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao dhidi ya mamlaka ya kodi. Mahali ambapo hesabu ya mzigo huweza kufunga soko zima, si busara kumpelekea mkaguzi takwimu za wageni wa tovuti badala ya risiti.

Lililo jema ni kuweka kumbukumbu ya tofauti yenyewe. Kila wiki iandikwe ripoti ilisema nini, ghala lilisema nini na risiti zilikuwa ngapi. Tofauti ikibaki ile ile wiki hadi wiki, sababu yake ni kanuni za kuhesabu, na biashara inaweza kuendelea. Ikiruka ghafla, kuna kitu kimeharibika, na hapo ndipo fundi aitwe.