Boma la Miiba na Boma la Mawe

Mgeni aingiaye Arusha kwa mara ya kwanza huonyeshwa Mlima Meru, kisha husimuliwa habari za mbuga na wanyama. Ni nadra kuelezwa maana ya majina ya mahali anapopita. Hata hivyo, majina hayo ni sehemu ya historia ya nchi, na mwenye kuyachunguza huona mambo ambayo macho hayayaoni tena. Kata ya Olorieni imepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai oloirien, yaani mzeituni wa mwitu. Ngaramtoni, upande wa magharibi, ni maji ya ndege. Mianzini hapahitaji kufasiriwa. Hata Manyara, ambalo ni jina la ziwa na baadaye la mkoa jirani, huelezwa kuwa limetokana na emanyara, mmea wenye utomvu mweupe ambao wafugaji huupanda kuzunguka makazi yao, na ambao kwa Kiswahili huitwa mnyaa.

Mji ulipokua, majina ya namna nyingine yalizaliwa. Unga Limited palipewa jina la kiwanda cha kusaga unga. Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji, pana jina la mtu aliyetoka Rombo, katika nchi ya Kilimanjaro. Leo mahali hapo panasifika kwa nyama choma na kwa wingi wa watu wa makabila mbalimbali waliokuja kutafuta riziki na kujenga. Basi majina hayo, tukiyapanga, yanatusimulia kwamba wa kwanza walitaja kilichoota, na waliofuata wakataja waliofika. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini tunapaswa kujiuliza swali moja: waliofika wamekiacha hai kilichoota? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kuutazama wigo wa nyumba, kwa kuwa ndipo utamaduni wa mtu na uoto wa asili vinapokutana kila siku.

Neno lenyewe la boma laweza kutuongoza. Kwa asili, boma ni kizuizi kinachozunguka makazi au mifugo, aghalabu cha miti na miiba. Katika nchi ya tambarare iliyo chini ya Meru, matawi ya mgunga yalikatwa na kupangwa kwa duara ili simba na fisi wasiwafikie ng'ombe. Penye makazi ya kudumu wigo ulipandwa ukawa hai, na kila mmea uliteuliwa kwa sababu. Mnyaa uliota upesi kutokana na kipande cha tawi, haukuliwa na mbuzi, nao ulivumilia ukame. Mgunga uliwapa watu kuni na kivuli. Gome la ule uitwao olkiloriti lilichemshwa pamoja na supu ya nyama, desturi ambayo wafugaji wanaiendeleza hadi sasa. Vijiti vya mzeituni wa mwitu vilivyowashwa moto vilitumiwa kusafishia vibuyu vya maziwa. Mtini wa mwitu, yaani oreteti, haukukatwa ovyo, kwa kuwa chini yake watu walikutana kwa maombi.

Katika miteremko ya mlima mambo yalikuwa tofauti kwa sura, lakini si kwa maana. Wameru, ambao lugha yao ina udugu na Kichaga, walilima migomba chini ya miti mirefu. Waarusha, wanaosema Kimaasai, walipohamia huko katika miaka ya 1830, nao walijifunza kilimo cha mlimani. Kwa jirani zao Wachaga, shamba la nyumbani huitwa kihamba. Juu kabisa husimama miti kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini mboga na majani ya mifugo. Msesewe haukosekani, kwa sababu gome lake hutiwa katika pombe ya mbege. Mpakani hupandwa masale. Mmea huu mdogo una heshima kubwa, kwani jani lake humwombea msamaha mkosaji, na shina lake huonyesha mwisho wa ardhi ya mtu na mwanzo wa ardhi ya jirani. Kung'oa sale la mpakani ni kuanzisha ugomvi.

Wataalamu wa mimea wameichunguza bustani hii ya Wachaga kwa makini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa vihamba vya Kilimanjaro vina zaidi ya aina 500 za mimea, na kwamba zaidi ya 400 miongoni mwake hazikupandwa na mtu bali ziliachwa ziote zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Tuzingatie hapo neno kuachwa. Mkulima yule hakuwa na nia ya kufuga vipepeo wala ndege. Alipanda kwa haja zake, na kile asichokihitaji hakukiona kuwa adui. Kwa njia hiyo viumbe wengine walipata makao katika shamba lake bila ya yeye kuwajengea.

Ukoloni uliivuruga hali hiyo kwa nguvu. Baada ya mapambano ya mwaka 1896, majeshi ya Wajerumani yaliwashambulia Waarusha na Wameru. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa na ng'ombe wakatwaliwa. Kisha, kufikia mwaka 1900, wananchi walilazimishwa kujenga ngome ya mawe, nayo ikaitwa boma. Tangu hapo neno hilo lilianza kumaanisha pia ofisi ya mtawala. Jengo hilo lingali limesimama mjini, na leo ni makumbusho ya elimu viumbe. Ni ajabu ya historia kwamba nyumba iliyojengwa kwa jasho la kulazimishwa sasa inatumika kuwafundisha vijana habari za viumbe wa nchi yao.

Baada ya ngome zilifuata ramani. Ardhi nzuri iliyozunguka mlima iligawiwa walowezi, na mashamba yao yakawatenga wenyeji wa mlimani na malisho ya tambarare. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwatetea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Kesi hiyo hufundishwa kama sura ya harakati za uhuru, na ndivyo inavyostahili. Lakini ndani yake mna somo jingine: mpaka uliochorwa katika karatasi uliushinda mpaka uliojulikana kwa mti, kijito na kumbukumbu za wazee. Mti ulipopoteza uwezo wa kutoa ushahidi, thamani yake ilipungua machoni pa watu.

Pamoja na walowezi ilikuja mimea ya ng'ambo. Mjakaranda, ambao maua yake ya zambarau huzipamba barabara za Arusha, ni wa Amerika ya Kusini. Mkaratusi na mgrivea ni ya Australia. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi nyingi, kilipandwa kwa ajili ya urembo, kisha ndege wakazila tunda zake na kuzisambaza mbegu, hata kikawa magugu katika sehemu nyingi za nchi. Hatusemi kwamba kila kilichotoka ng'ambo ni kibaya. Ndizi yenyewe ililetwa kutoka Asia zamani, na mgrivea umewafaa wakulima wengi kwa mbao na kuni. Tunalolipinga ni fikra iliyokuja pamoja na mimea hiyo, kwamba bustani ni mahali pa mimea ya kigeni, na kwamba kilichoota chenyewe ni pori linalostahili kufyekwa.

Fikra hiyo ina madhara yanayoweza kuelezwa kwa elimu ya viumbe. Wadudu wengi hawawezi kula kila jani. Kiwavi wa kipepeo fulani hula mimea michache tu, ile ambayo jamaa yake imeishi nayo kwa muda mrefu sana. Mti wa kigeni ukipandwa, huenda nyuki wakalifuata ua lake, lakini majani yake mara nyingi hayalishi viwavi. Penye upungufu wa viwavi pana upungufu wa ndege, kwa sababu hata chozi, ambaye sisi humwona akinyonya asali ya maua, huwalisha makinda yake wadudu. Mtini wa mwitu ni mfano bora zaidi. Tini huchavushwa na nyigu wadogo mno, na kwa kawaida kila aina ya mtini ina nyigu wake. Miti hiyo huzaa kwa zamu katika nyakati mbalimbali za mwaka, hivyo hondohondo na ndege wengine hupata chakula hata wakati matunda mengine yamekwisha. Nao ndege hulipa deni lao, maana hudondosha mbegu juu ya mti mwingine, na mtini mpya huanzia hapo.

Mwezi Septemba mwaka 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba taifa lililokuwa likikaribia uhuru lingebeba dhamana ya kuwahifadhi wanyamapori. Hifadhi ya Ngurdoto, iliyoanzishwa mwaka 1960, ilipanuliwa baadaye, na leo ndiyo Hifadhi ya Taifa Arusha. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, tusije tukadhani kuwa viumbe wana kwao mbugani, nasi tuna kwetu mjini, na kwamba hakuna uhusiano kati ya kwao na kwetu. Ndege na nyuki hawasomi mabango ya mipaka. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977, alisimulia jinsi mtini karibu na nyumbani kwao ulivyokatwa ili kupisha chai, na kijito alichokichezea utotoni kikakauka. Hiyo haikuwa mbuga. Yalikuwa ni makazi ya watu.

Turejee sasa Kwa Mrombo. Viwanja ni vidogo, na ukuta wa matofali umechukua mahali pa wigo wa miti. Anayejenga ukuta ana sababu zake: mwizi hapiti kwa urahisi, na nafasi haipotei. Wengine huogopa nyoka, au husema kuwa utomvu wa mnyaa huumiza macho, na hilo la utomvu ni kweli. Hatuwezi kuwaambia watu hao wabomoe kuta zao warudi katika boma la miiba. Hata babu zetu wangejenga kwa matofali kama wangekuwa nayo.

Lakini shule ina uwanja, ina mpaka, na ina vijana. Tunaona kuwa ukanda mmoja wa wigo, wenye upana wa hatua mbili tu, unatosha kwa kuanzia. Katika ukanda huo yafaa upandwe mgunga, mzeituni wa mwitu na mwambangoma, ambao maua yake mekundu humwita chozi na ambao jina lake lina ngoma ndani yake. Masale yapandwe penye kivuli na maji. Mtini upewe nafasi mbali na majengo, kwani mizizi yake ina nguvu. Mbegu zikusanywe kwa ruhusa, wala miche isiibwe kutoka hifadhini. Upandaji ufanywe mvua za masika zinapoanza, na kila darasa lipewe miti yake ya kumwagilia wakati wa kiangazi, kwa kuwa mti hufa zaidi kwa kusahauliwa kuliko kwa ukame. Mwalimu wa biolojia awaongoze wanafunzi kuandika wadudu na ndege wanaokuja, mwezi hata mwezi. Katika Ngaramtoni umo mkusanyo wa taifa wa mimea iliyokaushwa, ambao ni msaada mkubwa kwa wenye kutaka kulijua jina la kitaalamu la mmea.

Mwalimu wa historia naye asikae kando. Awatume wanafunzi wakawaulize wazazi na wazee: mmea huu kwenu huitwaje, na ulitumiwa kwa kazi gani? Kwa kuwa Kwa Mrombo ni mahali pa watu wa kila upande, majibu yatakuja kwa Kimeru, kwa Kimaasai, kwa Kichaga, kwa Kipare na kwa lugha nyingine. Majina hayo yakiandikwa kwenye vibao chini ya mti mmoja, wanafunzi watasoma humo historia ya mji wao. Kazi hii haitaki kucheleweshwa. Mbegu huweza kungoja ardhini, lakini jina lililo kinywani mwa mzee haliwezi kumngoja mjukuu asiyeuliza.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana katika ngoma na mavazi, lakini asili ni pia kile kinachoota mlangoni petu na kile kinachokuja kukila. Olorieni patabaki na jina la mzeituni hata kama hautasalia mzeituni mmoja. Ni juu yetu, walimu na wanafunzi, kuamua kama jina hilo litakuwa kumbukumbu ya mti uliokufa, au anwani ya mti ulio hai.