Pawa saplai ya kompyuta mbovu: usiitupe, lakini usiidharau

Kompyuta ya mezani ikifa, wengi wetu huiuza kwa kilo kama chuma chakavu. Ndani yake mna kitu ambacho kijana anayejifunza ufundi wa redio au taa za LED angekilipia pesa nyingi dukani: pawa saplai, lile sanduku la bati lenye feni. Mimi natumia moja mezani kwangu, na makala haya yanaeleza jinsi ya kuiwasha bila kompyuta na jinsi ya kujikinga nayo.

Muundo ulioenea ni ATX, ulioletwa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Sanduku hupokea stima ya volti 240 na kutoa umeme mdogo kama wa betri. Rangi za waya ndizo ramani:

- Nyeusi: hasi, yaani volti 0
- Rangi ya chungwa: volti 3.3
- Nyekundu: volti 5
- Manjano: volti 12
- Buluu: volti 12 za upande wa hasi, nguvu yake ndogo
- Zambarau: volti 5 za muda wote, hata sanduku likiwa limezimwa
- Kijivu: ishara kuwa umeme umetulia
- Kijani: waya wa kuwashia

Ukiona waya wa kahawia umeunganishwa na wa chungwa, usiutenganishe. Zipo pia kompyuta za zamani zilizotumia mpangilio tofauti, kwa hivyo pima kila waya kwa multimita kabla ya kuutegemea.

Kuwasha ni rahisi: unganisha kijani na nyeusi kupitia swichi ndogo, na feni itazunguka. Ikiwaka na kuzima papo hapo, huenda ni ya zile zinazotaka mzigo. Weka rezista ya omu 10, ya wati 10, kati ya nyekundu na nyeusi. Itapitisha nusu ampea na kupata joto, basi ifunge mbali na waya na plastiki.

Usifungue sanduku lenyewe. Kapasita zilizomo hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Waya zote unazohitaji zimekwisha kutoka nje. Zipeleke kwenye kisanduku cha pembeni chenye skrubu za kufungia, na ncha usizotumia zifunike moja moja kwa tepu.

Sasa lile ambalo vijana wengi hawaambiwi. Volti 5 haitakurusha, lakini soma kibandiko: waya nyekundu kwa jumla zaweza kutoa ampea 20 au zaidi. Waya mbili zikigusana kabisa, sanduku zima kwa kawaida hujizima. Lakini kifaa chako kidogo kikiharibika na kuanza kuvuta ampea 10, sanduku huona huo ni mzigo wa kawaida, na waya wako mwembamba unaungua. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haitakuokoa, kwa sababu ampea 10 za volti 5 ni wati 50 tu, na upande wa stima hazifiki hata nusu ampea. Kwa hivyo weka fyuzi kwenye kila tundu la kutolea umeme: ampea 1 au 2 zatosha kazi nyingi ndogo.

Tumia plagi ya pini tatu yenye waya wa ardhi, kwa kuwa bati na waya nyeusi zimeunganishwa na ardhi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiunganishe waya zake na kifaa kilichofunguliwa huku kimechomekwa stima. Wala usichajie betri ya gari. Betri hiyo hutaka takriban volti 14, nayo hutoa 12.

Kwetu pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Kagua viungo mara kwa mara, safisha kutu, na sanduku lenye harufu ya kuungua au lililoloa lisirudi mezani.

Meza nyingi za vijana wetu ziko ndani ya chumba cha kulala, karibu na godoro na pazia. Fyuzi huuzwa kwa shilingi chache. Inunue kabla hujakata waya wa kwanza, na usiache sanduku likiwaka ukiwa umelala.