Eti usonji ni mambo ya wazungu?

Juzi nilivuka feri ya Likoni na dada yangu pamoja na mwanawe wa miaka mitatu na nusu. Mtoto haongei. Ukimwita jina hageuki, lakini honi ya feri ikilia anaziba masikio na kulia mpaka tufike ng'ambo. Tulikuwa tunaenda kutafuta apimwe ukuaji wake. Kabla hatujatoka nyumbani, jirani alishatuambia, "Hiyo usonji ni ya wazungu. Kwetu haikuwako."

Haikuwako, ama hakuna aliyeitafuta? Usiku huo sikulala, nilikuwa nasoma. (Chuo niliacha mwaka wa pili, kusoma sijaacha.)

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 wa aina hii. Wengi wazazi wao walikuwa wasomi. Ndio waliokuwa na uwezo wa kufika kwa daktari kama yeye, si ndio? Lakini watu wakaona ni hali ya nyumba za wasomi, na kwa miaka mingi akina mama wakalaumiwa eti hawana mapenzi kwa watoto wao. Upuzi mtupu.

Halafu 1978 mtafiti Victor Lotter akachapisha utafiti wake wa Afrika, Kenya ikiwemo. Aliangalia watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili waliokuwa kwenye taasisi. Aliowahesabu kuwa na usonji ni 9. Tisa, wenzangu!

Sasa fikiria mtoto wa Kisauni au Changamwe wa zama hizo. Huku bara tuna shule ya vipofu Likoni, tuna shule ya wenye ulemavu wa viungo Port Reitz. Ulemavu unaoonekana kwa macho ulijengewa shule. Mtoto anayekimbia vizuri, sura nzuri, ila haongei, alikuwa taasisi gani? Alikuwa uani. Nilipomuuliza nyanya, alisema bila hata kufikiri: kulikuwa na binamu yake, kutwa anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, ukikigusa kimoja ni vita. Walimwita bubu. Wengine walisema ana shetani. Huyo hakuna mtafiti angemkuta.

Na si kwamba hapa Pwani hakuna anayejua kitu. Mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake walichapisha kipimo cha ukuaji wa watoto kilichotengenezwa Kilifi, hapo juu tu. Si cha usonji hasa, lakini kilitengenezwa na kujaribiwa kwa watoto wa huku. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake wakatoa utafiti wa Kilifi na Mombasa: watu 103, wazazi na wataalamu, waliulizwa usonji unatoka wapi. Majibu: mapepo, uchawi, laana, lakini pia matatizo wakati wa kuzaliwa na maambukizi. Watu wanaoijua hali kiasi hicho wameishi nayo.

Turudi hospitalini (jina naliacha). Tulikaa benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa saba tukaambiwa, "Watoto wa kiume huchelewa kusema, rudini akifika miaka mitano." Dada akafungua kile kitabu cha kliniki, kwenye ukurasa wa hatua za ukuaji. Hakuna aliyewahi kuujaza. Akasema, "Basi daktari, niandikie hapa kwamba umenirudisha."

Wakatuandikia barua ya rufaa.

Kama na wewe una mtoto nyumbani, pia ulizia ofisi ya elimu kuhusu EARC, vile vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Viko Kenya tangu 1984, na watu wengi hawajui.

Sisi tumepewa tarehe, baada ya miezi minne. Dada ameiandika kwa kalamu nyekundu juu ya friji. Tukivuka tena nitambebea mtoto vile vidude vya kuziba masikio.