Uongezaji damu kwa wagonjwa mahututi: Kilifi na Malindi

Uongezaji damu ni tiba ya kumtilia mgonjwa, kupitia mshipa, damu iliyotolewa na mtu mwingine ili viungo vyake visikose oksijeni. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya Ulaya na Amerika Kaskazini, anayetiwa damu aghalabu ni mtu mzima aliyetoka kupasuliwa au aliyepata ajali. Katika pwani ya Kilifi na Malindi, nchini Kenya, kwa miaka mingi amekuwa zaidi mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye malaria iliyompunguzia damu, aliyeletwa kutoka Ganze au Magarini viganja vimekwisha kuwa vyeupe. Wengine ni akina mama waliovuja damu katika uzazi na wagonjwa wa selimundu, maradhi ya kurithi yenye mizizi mirefu katika ukanda huu.

Mengi yanayojulikana leo kuhusu mtoto huyo yaligunduliwa kando ya kitanda chake, katika hospitali ya Kilifi, ambako mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, ulianzishwa mwaka 1989. Mwaka 1995 mtafiti Kevin Marsh na wenzake walichapisha habari za watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Zaidi ya wanane katika kila kumi waliofariki walifariki ndani ya saa 24 za kulazwa. Miongoni mwa dalili zilizotabiri kifo, mbili zilijitokeza zaidi: kupotewa na fahamu na kupumua kwa shida. Zote mbili zinaonekana kwa macho, bila mashine yoyote.

Kupumua huko kulikuwa kumefasiriwa visivyo. Madaktari wengi walidhani ni moyo ulioshindwa kazi, wakaogopa kuuzidishia maji, hivyo damu ikapitishwa polepole pamoja na dawa ya kukojoza. Mike English na wenzake, wakichunguza watoto wa Kilifi miaka ya 1990, walionyesha kwamba pumzi nzito na za kina kwa kawaida hutokana na asidi: mwili uliokosa oksijeni huzalisha asidi ya laktiki, na mapafu hujitahidi kuipunguza. Mtoto wa namna hiyo anahitaji damu upesi. Hili ndilo jambo kubwa ambalo pwani hii imechangia katika tiba hii, na ni ajabu kwamba halitajwi mara nyingi zaidi.

Je, damu ikishuka kiasi gani ndipo mgonjwa aongezwe? Kwa watu wazima jibu lilibadilika mwaka 1999, pale jaribio la Kanada lililoongozwa na Paul Hébert, lenye wagonjwa mahututi 838, lilipoonyesha kwamba kungoja himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, ishuke chini ya gramu 7 kwa desilita si hatari zaidi kuliko kuongeza damu mapema ikiwa chini ya 10. Kwa watoto wa Afrika vipimo viko chini zaidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kumwongeza damu kila mtoto aliye chini ya gramu 4, na aliye kati ya 4 na 6 iwapo ana dalili za hatari kama mshtuko, kupotewa na fahamu au pumzi za kina.

Kundi hilo la kati ndilo lililobishaniwa. Kathryn Maitland, daktari aliyeweka makao ya kazi yake Kilifi, aliongoza jaribio la TRACT katika hospitali za Uganda na Malawi, likachapishwa mwaka 2019. Watoto wa kati ya gramu 4 na 6 wasio na dalili za hatari hawakufa zaidi kwa kutoongezwa damu papo hapo. Lakini walipimwa tena na tena, na karibu nusu yao hatimaye waliongezwa. Matokeo haya yasisomwe kama ruhusa ya kumwacha mtoto wodini: anayengoja bila kupimwa hayumo katika ushahidi huo. Jaribio hilohilo lilionyesha kwamba watoto wasio na homa walinufaika na mililita 30 za damu nzima kwa kila kilo ya uzito, ilhali wenye homa walipata nafuu zaidi kwa 20.

Kabla ya kutiwa, damu hulinganishwa na ya mgonjwa kwa kundi, kisha huchanganywa nayo maabara kuona kama zinakubaliana. Hupimwa pia virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Chupa moja, jina lililobaki ingawa siku hizi ni mfuko wa plastiki, hubeba takriban mililita 450 na hukaa katika jokofu hadi siku 35 ikiwa na dawa ya kuhifadhi ya kawaida. Muuguzi hukaa karibu dakika za mwanzo, maana homa, baridi, vipele au maumivu ya kiuno vikizuka, mpira hufungwa mara moja.

Lakini damu lazima kwanza ipatikane. Huduma ya taifa ya damu nchini Kenya ilipata msukumo baada ya bomu kulipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi Agosti 7, 1998. Wachangiaji wake wakuu wamekuwa wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa, majokofu hubaki matupu, na mwaka 2019 msaada wa Marekani ulipokoma pengo lilipanuka. Ndipo jamaa wa mgonjwa huambiwa watafute wachangiaji wenyewe, wakati mtoto ana saa chache tu. Mjini Mombasa, Oliver Hassall na wenzake walijaribu njia nyingine: damu ya kitovu, iliyokusanywa kutoka kondo la nyuma baada ya uzazi, walitiwa watoto 55 wenye upungufu mkubwa wa damu. Majibu yalichapishwa mwaka 2015. Kondo moja hutoa kidogo, lakini mtoto mdogo naye hahitaji nyingi.