Unyonge Baada ya Homa: Mfano wa Korogwe

Historia ya maradhi huandikwa mara nyingi kama historia ya vita. Hutajwa siku adui alipoingia, huhesabiwa waliokufa, hutajwa siku alipoondoka, kisha kitabu hufungwa. Wale walioinuka kitandani wakiwa si wagonjwa wala si wazima hawapewi ukurasa. Mji wa Korogwe, ulio kando ya mto Pangani, wafaa kutazamwa kwa ajili ya watu hao.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji huo, kisha Handeni, na mwaka huo huo reli ya Tanga ikawa imeunganishwa na ile ya Mombasa kwa njia ya Taveta. Basi homa kuu ya mafua ilipoingia Mombasa mwezi wa Septemba 1918, njia ya kuja bara ilikuwa wazi, na watu walikuwa wamekwisha dhoofishwa na vita, upagazi na njaa. Katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika walikufa makumi ya maelfu.

Lakini homa haikuwaachilia wote waliopona. Mtafiti James Ellison, aliyechunguza habari za kusini-magharibi ya nchi, ameeleza ya kwamba unyonge uliowabakia watu baada ya homa ile ulichangia njaa ya mwaka 1919, kwa kuwa mikono ya kulima haikuwa na nguvu. Ni rahisi kuliona shamba lisilolimwa na kulaumu mvua au uvivu. Si rahisi kumwona aliyeshindwa kuinua jembe.

Miaka 102 baadaye jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Tangu mwezi wa Mei mwaka huo takwimu hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lugha nayo ilijificha: watu walisema nimonia, au changamoto ya kupumua, wakajifukiza nyungu majumbani. Kwa hiyo wengi waliugua pasipo kupimwa, na waliobakia na uchovu hawakuwa na cheti cha kuonyesha ulikotoka.

Hata huko ng'ambo, jina la ugonjwa huu wa kudumu halikutoka kwa waganga. Lilianzishwa mwezi wa Mei 2020 na mgonjwa mwenyewe, Elisa Perego wa Italia. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo yake: ni dalili zinazokuwapo kwa kawaida miezi 3 baada ya ugonjwa kuanza, zikadumu si chini ya miezi 2, wala haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Kubwa zake ni uchovu, kupungukiwa na pumzi, na akili kuzubaa. Huweza kumpata hata aliyeugua kidogo tu. Hupungua, kisha hurudi. Tena maelezo hayo humkubali mtu anayedhaniwa kuwa aliambukizwa, hata kama hakupimwa. Neno hilo dogo lina thamani kubwa kwa mtu wa Korogwe.

Dawa moja ya kuuponya haijapatikana. Tabibu hupima kwanza malaria, kifua kikuu na upungufu wa damu, maana nayo huleta uchovu. Kisha mgonjwa hufundishwa kugawa nguvu zake, afanye kidogo na kupumzika kabla ya kuchoka, kwa kuwa wengine wakijikaza leo huanguka kesho. Shauri hilo ni jema, ila ni gumu kwa mkulima wakati wa palizi. Zamani za ukoloni, katika mashamba ya mkonge, mfanyakazi alipewa kipande cha siku 30 za kazi, asilipwe mpaka kijae. Mtu anayeweza leo na kushindwa kesho hakuwa na mahali katika hesabu ile, na hata sasa huitwa mvivu na jamaa zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tarehe ile ile, 6 Oktoba 2021, Shirika hilo lilipendekeza chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Chanjo hiyo ilijaribiwa tangu 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na kimojawapo kilikuwa Korogwe. Kwa miaka kadhaa watoto walifuatwa, wakapimwa, na kila homa ikaandikwa. Ujuzi wa kumfuata mgonjwa baada ya kutoka hospitali si mgeni Korogwe. Waliobakia na unyonge wa mwaka 1918 hawakuandikwa, na sasa hawawezi kuulizwa. Waliobakia na unyonge wa UVIKO wangali hai.