Barua na Alama za Buluu

Mji wa Eldoret, msomaji, ulianza na posta. Posta hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na ndipo wenyeji wakauita mji Sisibo, kwa kuitamka hesabu hiyo ya Kiingereza. Reli ikafika mwaka 1924. Kijana aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi aliweza kumwandikia mchumba wake, au kuandikiwa na mwenye kujua kalamu, na hapo siri ya wawili ikawa ya watatu. Jibu lisipokuja, alisema barua imechelewa njiani, na moyo ukatulia.

Mwaka 2014 WhatsApp ilianza kuonyesha alama mbili za buluu, zimjulishe aliyeandika ya kuwa maneno yake yamekwisha kusomwa. Kilichopotea hapo ni udhuru. Kimya cha barua kilikuwa na sababu nyingi. Kimya cha simu, machoni pa mwenye wivu, kina sababu moja tu, ijapokuwa mwenziwe yuko shambani akivuna mahindi. Wivu, naona, ni ule ule wa zamani, ila sasa umepata shahidi asiyejua kueleza. Alama hizo zaweza kuzimwa; lakini ukizizima, mwenzio atauliza kwa nini.